Parokia za kale za England: tafuta mpaka kabla ya kutafuta jina

Mji wa Todmorden uko kwenye bonde la mto Calder, kaskazini mwa England, na ramani za leo zinauweka West Yorkshire. Mtafiti wa ukoo anakuta katika sensa ya 1851 kwamba babu wa babu yake alizaliwa Todmorden. Anafungua rejesta za Yorkshire, anatafuta ubatizo kati ya 1810 na 1825, hakuna kitu. Anaandika pembeni kwamba mtoto hakubatizwa, kisha anaendelea na mengine.

Huenda mtoto alibatizwa vizuri kabisa, ila ng'ambo ya maji. Hadi 1888 mpaka wa Lancashire na Yorkshire ulipita katikati ya mji huo, ukifuata Calder na kijito kiitwacho Walsden Water. Upande mmoja ilikuwa taunishipu (sehemu ndogo ya parokia kubwa) ya Todmorden na Walsden, ndani ya parokia ya Rochdale, kaunti ya Lancashire, dayosisi ya Chester. Upande wa pili zilikuwa taunishipu za Stansfield na Langfield, ndani ya parokia ya Halifax, kaunti ya Yorkshire, dayosisi ya York. Ukumbi wa mji uliofunguliwa 1875 ulijengwa juu ya kijito chenyewe, nusu kaunti hii na nusu ile. Majirani wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi wangeweza kuacha kumbukumbu zao katika kaunti mbili, dayosisi mbili na mahakama mbili za wosia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kuchora mpaka, na jina hufuata baadaye. Na swali la mpaka lina sehemu tatu: mpaka upi, wa shughuli gani, wa mwaka gani. Koo nyingi za Afrika Mashariki zina tawi la Kiingereza, la mlowezi, mhandisi wa reli, mmisionari au askari, na hati za watu hao mara nyingi hutaja mahali pa kuzaliwa kwa neno moja tu. Neno hilo moja linaweza kuwa mji, kijiji, taunishipu, parokia au wilaya ya usajili. Hapa nazungumzia England peke yake. Scotland na Ireland zilikuwa na sheria na kumbukumbu zao.

Mahali pamoja, mistari mingi

Parokia ya kale ilikuwa eneo ambalo watu wake walitoa zaka kwa kanisa moja, na kanisa hilo ndilo lililobatiza, kufungisha ndoa na kuzika. Kwa sehemu kubwa mipaka hiyo ilikuwa imeshatulia kufikia karne ya 13. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia itunze rejesta, na tangu hapo mstari uliochorwa kwa ajili ya zaka ukawa pia mstari unaoamua jina la mtu liandikwe kitabu gani.

Kusini, parokia nyingi ni ndogo: kijiji kimoja, kanisa moja, na mtu anaizunguka kwa miguu siku moja. Kaskazini ni habari nyingine. Parokia ya Halifax ilikuwa na taunishipu zaidi ya 20, na ya Manchester takriban 30. Mkulima wa Stansfield hakuweza kubeba mtoto mchanga zaidi ya kilomita 15 kwenda Halifax wakati wa baridi kali, kwa hiyo yalijengwa makanisa madogo yaliyokuwa chini ya kanisa mama: Heptonstall na Cross Stone upande wa Halifax, na Mtakatifu Maria wa Todmorden upande wa Rochdale. Kwa mtu "aliyezaliwa Todmorden", basi, zipo rejesta tano za kufungua kabla ya kusema hakuna: Mtakatifu Maria wa Todmorden, Mtakatifu Chad wa Rochdale, Cross Stone, Heptonstall na Halifax yenyewe.

Mstari wa pili ni wa kodi ya maskini. Sheria ya 1601 iliifanya parokia itoze kodi ya kuwatunza maskini wake. Sheria ya Makazi ya 1662 iliona kwamba parokia za kaskazini ni kubwa mno kwa kazi hiyo, ikaruhusu taunishipu katika kaunti kama Lancashire, Yorkshire, Cheshire, Durham na Northumberland zitoze na kutunza maskini wao zenyewe. Kwa hiyo kaskazini karatasi za maskini hufuata taunishipu, na rejesta za kanisa hufuata parokia au kanisa dogo. Mwaka 1866 sheria iliziita parokia sehemu zote zilizotoza kodi ya maskini peke yake. Ukikuta hati ya 1870 inayosema "parokia ya Langfield", usipoteze muda kutafuta kanisa la parokia lenye jina hilo la tangu kale. Hiyo ni taunishipu ya zamani iliyopewa cheo kipya cha kiserikali.

Mstari wa tatu ni wa usajili. Sheria ya 1834 iliunganisha parokia kuwa miungano ya kutunza maskini, kwa kawaida kila mmoja na nyumba yake ya maskini, na usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza tarehe 1 Julai 1837 wilaya zake zilifuata kwa kiasi kikubwa miungano hiyo. Miungano ilichorwa kuzunguka miji ya soko, bila kujali sana kaunti. Wilaya ya usajili ya Todmorden ilichukua watu wa pande zote mbili za maji. Hivyo cheti cha kuzaliwa kinachosema "wilaya ya Todmorden" hakikuambii kama familia iliishi Lancashire au Yorkshire. Soma wilaya ndogo, kisha jina la mahali lililoandikwa kwenye safu ya kwanza ya cheti.

Kanuni ninayoitumia ni nyepesi: angalia nani aliandika hati. Kasisi aliandika kwa mpaka wa kanisa. Msimamizi wa maskini aliandika kwa mpaka wa kodi. Msajili aliandika kwa wilaya yake. Wosia wa kabla ya 1858 ulipitia mahakama ya kanisa, kwa mpaka wa dayosisi.

Miaka ambayo mistari ilihama

Parokia ya 1750 na ya 1900 zinaweza kuwa na jina moja na maeneo mawili tofauti. Kwa karne nyingi mabadiliko yalikuwa machache, kisha karne ya 19 ikaleta mafuriko. Sheria ya 1818 ilitoa pauni milioni moja za kujenga makanisa mapya katika miji iliyofurika watu wa viwandani. Sheria za 1843 na 1856 zikarahisisha kukata parokia mpya kutoka za zamani. Mtaa mmoja wa Leeds, London au Birmingham ungeweza kubadilisha parokia ya kanisa mara mbili au tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja ambaye hakuhama hata nyumba.

Upande wa serikali, sheria ya 1844 ilihamisha vipande vingi vya kaunti vilivyokuwa vimezingirwa na kaunti nyingine. Norhamshire, Islandshire na Bedlingtonshire, zilizokuwa za Durham huku zikiwa Northumberland kijiografia, zilihamia Northumberland mwaka huo. Sheria za 1876, 1879 na 1882 ziliondoa vipande vilivyotengana vya parokia. Sheria ya 1894 ikataka parokia ya kiserikali isivuke mpaka wa wilaya yake, ndipo parokia moja ikapasuliwa kuwa mbili, ya mjini na ya shambani, huku parokia ya kanisa ikibaki vilevile. Kuanzia hapo mistari ya kanisa na ya serikali inaachana kabisa katika sehemu nyingi, na anayetumia ramani ya parokia za kiserikali ya 1900 kutafuta ubatizo wa 1900 atapotea.

Anza na sensa, kisha shuka

Sensa ndiyo mlango bora, na sehemu yake inayosomwa kidogo kuliko zote ni kichwa cha ukurasa. Kuanzia 1851 juu ya majina kuna visanduku vya parokia au taunishipu, wilaya ya kanisa, mji, kijiji. Nakili vyote, hata vilivyokatwa mstari. Kisha rudi nyuma hadi mwanzo wa sehemu ya karani huyo wa sensa: kuna maelezo ya eneo alilozungukia, mitaa kwa majina, mashamba, na mara nyingi mpaka wenyewe kwa maneno. Tovuti za kulipia hukurusha moja kwa moja kwenye ukurasa wa jina lako, na ukurasa huu wa mwanzo hubaki nyuma bila kuonekana. Bonyeza kurudi nyuma mpaka uufikie. Andika pia namba ya faili: HO 107 kwa 1841 na 1851, RG 9 kwa 1861, RG 10 kwa 1871, RG 11 kwa 1881, na kuendelea hadi RG 14 ya 1911. Sensa ya 1911 ilihifadhi fomu ya kaya yenyewe, kwa hiyo maelezo ya eneo utayatafuta katika vitabu vya muhtasari vya makarani.

Safu ya mahali pa kuzaliwa uisome kwa tahadhari. Sensa ya 1841 inasema tu kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyo au la. Kuanzia 1851 wanataja mahali, lakini mtu huyohuyo anaweza kutaja taunishipu mwaka 1851, mji wa soko mwaka 1861, na parokia mwaka 1871. Haya hayapingani. Mtu anayeishi mbali na kwao hutaja jina ambalo msikilizaji atalijua, na anayeishi karibu hutaja kitongoji. Weka majibu yote kwenye ramani moja. Mahali yanapopandiana ndipo pa kuanzia, na kwa kawaida jina la mahali padogo zaidi ndilo la kuaminiwa.

Hatua inayofuata ni ramani ya tovuti ya ukoo ya FamilySearch, ya mamlaka za England za 1851, ambayo ni ya bure. Bonyeza mahali na itakupa parokia, mwaka rejesta zake zinapoanzia, kaunti, wilaya ya usajili, muungano wa maskini, dayosisi na mahakama ya wosia. Ina pia zana ya kuorodhesha parokia zote zinazopakana, na nyingine ya kuchora duara la maili utakazo. Kwa maoni yangu hakuna chombo cha kuanzia kinachoishinda. Udhaifu wake umo katika jina lake: ni picha ya mwaka 1851. Parokia iliyokatwa 1865 haimo. Pia mistari yake imechorwa kwa kiwango cha nchi nzima, kwa hiyo nyumba iliyo mita 100 kutoka mpakani usiihukumu kwa ramani hiyo. Kwa mabadiliko ya vitengo vya kiserikali mwaka hadi mwaka, tovuti ya Vision of Britain ya Chuo Kikuu cha Portsmouth ndiyo ya kufungua.

Kusoma ramani za Ordnance Survey

Kwa nyumba iliyo karibu na mstari, shuka kwenye ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka za England na Wales mtandaoni bure, za inchi sita kwa maili na za inchi 25 kwa maili, na unaweza kuzilaza juu ya ramani ya leo ukafifisha moja taratibu mpaka uone nyingine. Lancashire na Yorkshire zilipimwa mapema, miaka ya 1840 na mwanzo wa 1850, kwa inchi sita tu. Za inchi 25 kwa kaunti hizo mbili zilikuja miaka ya 1890, baada ya vipande vingi kuhamishwa. Kwa hiyo kwa Todmorden ya mababu tumia ya inchi sita ya kwanza, hata kama ile kubwa inapendeza macho zaidi. Kusini mwa nchi mara nyingi utapata ya inchi 25 iliyopimwa kati ya 1855 na 1890.

Mpaka wa parokia huonyeshwa kwa mstari wa nukta, na kando yake kuna herufi ndogo ambazo wengi huzipita. Herufi hizo zinasema mstari umepita wapi hasa. C.R. ni katikati ya barabara, C.S. katikati ya kijito, C.D. katikati ya mtaro, F.W. uso wa ukuta. R.H. ni shina la ua wa miti, na ukiona "4 ft R.H." ujue mpaka uko futi nne kutoka kwenye shina, kwa sababu desturi ilikuwa kupanda ua ukingoni na mtaro kuwa nje yake. B.S. ni jiwe la mpaka, na "Und." inamaanisha mpaka haukuwa na alama ardhini. Maandishi "Det." baada ya jina la parokia yanakuambia hicho ni kipande kilichotengana.

Ukiona mstari wa nukta unaacha mto na kupita katikati ya shamba, kisha unarudi mtoni, usidhani mchoraji alikosea. Mto ulihama na mpaka ukabaki kwenye mkondo wa zamani. Nyumba iliyo ndani ya kona hiyo ni ya parokia ya ng'ambo.

Wapimaji hawakubuni mistari hiyo. Sheria ya 1841 iliwapa watu wa kuwaongoza, walioteuliwa kwa kila parokia, ambao mara nyingi walikuwa wenyeji wazee walioijua mipaka kwa kuitembea. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Kupaa, waumini walizunguka mpaka wa parokia wakipiga mawe na miti kwa fimbo, na watoto walipelekwa makusudi ili waje kukumbuka miaka 60 baadaye. Kanisa la St Michael at the North Gate, Oxford, bado hufanya hivyo, na baadhi ya mawe yake sasa yamo ndani ya maduka. Madaftari ya wapimaji, yenye michoro waliyokubaliana na wenyeji hao, yapo Hifadhi ya Taifa, Kew, katika mfululizo wa OS 26, na michoro ya mipaka katika OS 27. Ni kazi ya mwisho ya uchunguzi, kwa nyumba ambayo kweli imekaa juu ya mstari.

Ramani za zaka

Sheria ya 1836 ilibadili zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na ili kugawa malipo hayo, kila kipande kililazimika kupimwa. Zilitoka ramani na majedwali kwa takriban robo tatu ya England na Wales, nyingi kati ya 1837 na 1850. Zilitengenezwa nakala tatu: ya serikali, ya askofu na ya parokia. Ya serikali iko Kew, majedwali IR 29 na ramani IR 30. Nyingine mara nyingi zipo katika hifadhi ya kaunti, na ni vyema kuziuliza, kwa kuwa nakala moja ikififia rangi nyingine huwa safi.

Jedwali linataja mwenye ardhi, mkaaji, namba ya kipande, jina la shamba, matumizi na ukubwa kwa ekari, rudi na pechi: ekari moja ni rudi nne, rudi moja ni pechi 40. Ukimkuta babu kama mkaaji wa kipande namba 212, umemweka ndani ya mstari kwa uhakika ambao sensa haiwezi kukupa.

Matatizo yake ni haya. Kaskazini eneo la ramani mara nyingi ni taunishipu, hivyo parokia moja inaweza kuhitaji ramani kumi au zaidi. Northamptonshire na jirani zake zina ramani chache, kwa sababu zaka huko ilikuwa imeshafutwa wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa kwa sheria za Bunge. Hapo tafuta ramani ya mgawanyo huo badala yake. Ardhi isiyodaiwa zaka ingeweza kuachwa tupu kwenye karatasi. Na kaskazini si lazima iwe juu. Tafuta mshale kwanza.

Njia nzuri ya kuipima ramani ya zaka ni kuiweka kando ya ya jirani. Ukingo wa moja unapaswa kukaa vizuri kwenye ukingo wa nyingine. Ukiona pengo, umepata eneo lisilo na parokia, au ardhi isiyodaiwa zaka, au mzozo. Ukiona zinapandiana, parokia zote mbili zilikidai kipande hicho, na wakazi wake watafute katika vitabu vyote viwili.

Kanisa jipya halikuwa na haki zote

Hapa watu wengi hukosea hata wakiwa na mpaka sahihi. Kanisa likijengwa 1830 na kupewa eneo lake, haikufuata kwamba watu wa eneo hilo walifungia ndoa humo. Makanisa mengi mapya yaliruhusiwa kubatiza kwanza, na ruhusa ya ndoa ikaja miaka baadaye au ikaja na malipo ya ziada. Manchester ndiyo mfano mkubwa. Hadi sheria ya 1850 ya kuigawa parokia hiyo, kanisa mama, lililokuwa kanisa kuu tangu 1847, lilikuwa na haki ya ada ya ndoa za parokia nzima, kwa hiyo aliyefungia ndoa kanisa la jirani alilipa mara mbili. Maskini walikwenda kanisa mama kwa makundi. Ukitafuta ndoa ya 1835 ya familia ya Ancoats au Salford, anzia hapo kabla ya kanisa la mtaani kwao.

Mpaka wa parokia mpya unapatikana kwa maneno kamili katika gazeti rasmi la serikali, The London Gazette, ambalo matoleo yake ya zamani yapo mtandaoni bure. Tafuta jina la mtakatifu wa kanisa pamoja na jina la mahali, ndani ya miaka mitatu baada ya kanisa kuwekwa wakfu. Utakuta maelezo yanayoanzia makutano ya barabara fulani, yakaenda katikati ya mtaa huu hadi kona ile, mpaka yarudi yalipoanzia. Chora kwa kalamu kwenye ramani ya Ordnance Survey ya miaka hiyohiyo. Usitumie ramani ya leo, maana majina ya mitaa yamebadilika, hasa London. Na zingatia "katikati ya mtaa": nyumba zenye namba witiri ziko parokia moja na za namba shufwa nyingine.

Vipande vya mbali na maeneo yasiyo na parokia

Kensal Town ilikuwa sehemu ya parokia ya Chelsea hadi marekebisho yaliyoanza kutumika 1900, ingawa Chelsea yenyewe iko kilomita kadhaa kusini, na Kensington ilikuwa katikati. North Woolwich iko kaskazini mwa mto Thames na ilikuwa ya parokia ya Woolwich iliyoko kusini, kaunti ya Kent, kwa hiyo mtu aliyezaliwa upande wa Essex angeweza kuandikwa Kent bila karani kukosea. Dudley ilikuwa kisiwa cha Worcestershire ndani ya Staffordshire, na sheria ya 1844 haikuihamisha. Ikabaki hivyo hadi 1966, na wosia za zamani za watu wake zitafute kwa Worcester.

Maeneo yasiyo na parokia ni magumu zaidi kwa sababu hayana kitabu chake mwenyewe. Msitu wa Dean, huko Gloucestershire, ulikuwa hivyo: wachimba makaa walibatiza watoto katika parokia za pembezoni kama Newland, English Bicknor na Mitcheldean, mpaka makanisa ya msituni yalipojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ukikwama na mtu wa msitu wa mfalme, viwanja vya kanisa kuu au ardhi ya monasteri ya zamani, chora duara la maili tano na uchukue parokia zote zinazogusa ukingo.

Jiji la London lina tabu ya aina nyingine, ya udogo. Ndani ya takriban maili moja ya mraba kulikuwa na parokia zaidi ya 100. Moto wa 1666 uliteketeza makanisa mengi na baadhi hayakujengwa tena, lakini parokia zake hazikufa. Ziliungana na jirani kwa ibada, zikaendelea na kodi na mara nyingi na rejesta zake hadi zilipounganishwa kiserikali 1907. Kwa hiyo kukosekana kwa kanisa hakumaanishi kukosekana kwa kitabu.

Kuchora mwenyewe kwa kompyuta

Kwa koo iliyokaa karne mbili katika bonde moja, inafaa kuchora mistari yako katika QGIS, programu ya bure ya ramani. Weka mfumo wa kuratibu wa Uingereza, EPSG:27700. Pakia picha ya ramani ya zaka, kisha uifunge ardhini kwa alama zisizohama: mnara wa kanisa, daraja la mawe, makutano ya barabara za kale, kona ya nyumba ya shamba iliyopo hadi leo. Epuka kingo za mito na nyua za miti. Programu huinyoosha picha kwa hesabu ili ikae juu ya alama hizo: mbinu ya polinomia ya daraja la kwanza inahitaji alama tatu, ya daraja la pili sita, lakini usikubali chini ya kumi, zikiwa zimesambaa hadi pembe zote. Zikirundikana katikati ya kijiji, kingo za karatasi zitapinda, na kwenye kingo ndiko mpaka uliko.

Mbinu nyingine ya kunyoosha picha, thin plate spline, huvutia kwa sababu alama zote hukaa sawasawa na kosa husomeka karibu sifuri. Sifuri hiyo haina maana, kwa kuwa programu imelazimisha karatasi ikae. Anza na daraja la kwanza, uone ni alama gani inakataa, uichunguze kama uliiweka vibaya, ndipo uchague mbinu nyingine. Ramani nyingi za zaka zilichorwa kati ya cheni tatu na sita kwa inchi (cheni moja ni futi 66), yaani 1:2,376 hadi 1:4,752, na karatasi imenywea kwa miaka, kwa hiyo kosa la mita tano hadi kumi ni la kawaida.

Kila umbo ulilochora lipe safu tano: jina, aina ya mpaka, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha, chanzo. Safu za miaka ndizo zenye thamani zaidi. Ukichuja kwa 1823 unapata mistari iliyokuwepo 1823 tu.

Kutoka mstari hadi kitabu

Mpaka ukishajulikana, panga parokia za kupekua kuanzia ile yenye nyumba, kisha kanisa mama lake, kisha kanisa lililo karibu zaidi kwa njia ya miguu ya wakati huo hata kama ni la parokia nyingine, kisha zote zinazopakana, mwisho parokia ya kwao na mke, ambako wazazi mara nyingi walifungia ndoa na kubatiza mtoto wa kwanza. Kama familia ilikuwa ya Wabaptisti, Wamethodisti au Waquaker, mipaka hii haikuwafunga kwa ubatizo. Kwa ndoa kati ya 25 Machi 1754 na 1837 iliwafunga karibu wote, isipokuwa Waquaker na Wayahudi.

Rejesta ikiwa na pengo, omba nakala za askofu, yaani nakala za mwaka zilizopelekwa dayosisi kwa agizo la tangu 1598. Hizo hukaa mahali pa dayosisi ya wakati ule, na rejesta yenyewe hukaa katika hifadhi iliyoteuliwa na dayosisi ya sasa, kwa kuwa tangu 1979 rejesta za zaidi ya miaka 100 hupelekwa huko. Vitabu viwili vya kanisa moja vinaweza kuwa katika miji miwili.

Wosia wa kabla ya tarehe 12 Januari 1858 nao hufuata mstari wa kanisa. Wa mtu wa Todmorden upande wa Lancashire huanzia mahakama ya Chester, na za Lancashire ya kusini zipo sasa katika Hifadhi ya Lancashire, Preston. Wa jirani yake wa Stansfield ulikwenda York, na upo Taasisi ya Borthwick, Chuo Kikuu cha York. Mwenye mali pande zote mbili alipitia mahakama ya juu ya York, kwa sababu Chester na York zote zilikuwa ndani ya jimbo la askofu mkuu huyo. Zipo pia sehemu zilizokuwa na mahakama zake ndogo nje ya mamlaka ya kawaida, kama Masham huko Yorkshire. Ramani ya 1851 ya FamilySearch huzitaja, hivyo usome kisanduku hicho kabla ya kuagiza chochote kwa malipo.

Katika daftari lako, kwa kila kitabu ulichopekua bila kupata, andika jina la kanisa, miaka uliyosoma kweli, kurasa zilizochanika au kufifia, na kama ulisoma picha ya kitabu au faharasa tu. Faharasa nyingi hutaja kanisa mama na kuruka makanisa madogo, na kwa familia ya Cross Stone au Heptonstall hilo linatosha kukuficha kizazi kizima.